Tuta la Upande wa Juu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu, na Veronika asinisikie nikisema hivi. Ilikuwa asubuhi. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya vilima vya Kibabi, kwetu Masisi, kama kawaida yake, nami nilikuwa nimesimama katika lupango yetu, yaani kiwanja cha nyumba, jembe mkononi, nikiwatazama majirani tisa waliokuja kwangu wakaketi chini bila kusema neno. Mama mmoja aliweka kikapu cha maharagwe karibu na mlango. Mwingine alitua kuni. Wanaume walivua kofia zao. Mimi, kijana mjinga wa siku zile, nikafurahi moyoni nikasema: kumbe wamekuja kuisifu bustani yangu!

Kaa vizuri nikueleze, maana nisipoanza mwanzo utapotea kama nilivyopotea mimi.

Vita kubwa ya Wazungu ilikuwa imekwisha miaka michache nyuma. Baba yetu alikuwa amekufa, na Mama Anastazia, mama yetu, alikuwa amekwenda kukaa Burungu kwa kaka yake, kule kwenye ng'ombe. Nyumbani Kibabi tulibaki watatu: mimi, mke wangu Veronika, na mdogo wangu Silvesta, ambaye alikuwa hajaoa bado. Tulilima maharagwe na mihogo kwenye mteremko, kama walivyolima baba na babu. Pamoja na hayo mimi nilikuwa nafanya kazi ya bustani kwa Muzungu mmoja aliyelima pareto, na kazi ile ilinipa kiburi. Nilikuwa nashika mkasi wa kukatia maua, basi nikajiona nimekuwa mtu mwingine.

Nyumba yetu ilikuwa na tatizo moja. Ilijengwa chini ya mlima, na kila mvua kubwa iliponyesha, maji yalishuka, yakapita chini ya ukuta, yakaingia mpaka kwenye mafiga. Veronika alichota maji ndani ya nyumba yake kama mtu aliye kisimani. Mimi na Silvesta tulijua lazima tufanye kitu. Kitu gani, hapo ndipo tulipogawanyika.

"Tuchimbe mufereji," alisema Silvesta. "Maji inataka njia. Tuipe njia."

"Hapana," nikamjibu. "Tuinue udongo upande wa juu. Nimeona kwa Muzungu. Tuta linazuia maji, na juu yake unapanda maua. Inakuwa muzuri."

"Kwa Muzungu iko bantu makumi mbili ya kubeba udongo. Hapa tuko babili."

"Wewe unaogopa kazi."

"Siogopi kazi. Naogopa akili ya kuazima."

Neno hilo liliniuma, mwanangu. Liliniuma kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake. Ulimi hauna mfupa, nao wangu ulikunjika upande mbaya. Nikamwambia kwa sauti ambayo hata jirani wa ng'ambo ya migomba aliisikia: "Nyumba hii iko ya nani? Baba aliniachia mimi mukubwa. Kama hautaki ninavyotaka, enda utafute kwako!"

Silvesta aliingia ndani, akatoka na blanketi yake na panga, akashika njia ya kwenda upande wa Walikale, ambako watu walisema iko kazi ya barabara. Veronika alikuwa shambani. Aliporudi nikamwambia, "Silvesta ameenda kutafuta kazi." Na Mama alipotuma mtu kutoka Burungu kuuliza habari zetu, nikajibu vilevile: ameenda kutafuta kazi. Haukuwa uongo. Lakini ukweli uliokatwa nusu, mwanangu, mimi sijui tofauti yake na uongo iko wapi. Nimeitafuta miaka yote hii.

Miezi ikapita bila habari ya Silvesta. Nikaona haya kuuliza. Na kama mtu anayejifunika uso kwa kazi, nikaanza tuta langu.

Nilikuwa peke yangu, kwa hiyo nilianza na kipande kidogo, upande wa juu wa lupango, pale njia ya watu inapopita. Nilibeba udongo kwa kikapu, nikaumwaga juu ya majani hivihivi, nikaupigapiga kwa nyuma ya jembe. Urefu wake ulikuwa kama mtu mzima aliyelala na kunyoosha mikono. Nia yangu ilikuwa kuendelea kila juma kidogo kidogo mpaka lifike kwenye migomba. Ili mvua isiule udongo kabla haujashika, nilitafuta mawe meupe mtoni nikayapanga kuzunguka pande zote nne. Halafu juu yake nikapanda maua mekundu niliyoomba kule kwa Muzungu. Nikarudi nyuma hatua kumi, nikatazama. Ah, lilinipendeza! Nikajisemea: Silvesta akiona hili atanyamaza.

Wewe unayenisikiliza labda umekwisha kuona kile ambacho mimi sikukiona. Ulishapita kwenye makaburi ya misioni? Unakumbuka yanavyopangwa?

Kuanzia siku ile mambo yakaanza kunichanganya. Wanawake waliokuwa wakipita na kuimba wakienda mtoni, wakifika kwetu walinyamaza, na wakishapita mbali ndipo wimbo ulianza tena. Mzee mmoja alisimama njiani, akavua kofia, akainamisha kichwa. Nami nikamwinulia mkono nikamwitikia kwa furaha, "Asante, Papa!" Alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa, akaondoka haraka. Watoto wa majirani hawakuja tena kuchuma mapera. Nikamwuliza Veronika, "Bantu bana nini?" Akasema, "Hata miye sijui. Ku mutoni wananiangalia tu, na mimi nikiwaangalia, wanaangalia maji."

Ndipo ikafika asubuhi ile niliyokuambia. Majirani tisa, kikapu cha maharagwe, kuni. Mbele yao alikuwa Papa Lukasi, katekista wetu, mtu mpole aliyewafundisha watoto wa kilima chote ishara ya msalaba. Alifungua kitabu chake cha sala.

"Bernari, mwana yangu," akasema, "tuombe?"

"Tuombe, Papa," nikasema. Nilifikiri anataka kuibariki bustani. Kwa nini isibarikiwe? Mashamba yanabarikiwa.

Wakapiga magoti kuelekea tuta langu. Nikapiga magoti pia. Papa Lukasi akaanza, na baada ya maneno machache nikasikia watu wakiitikia kuhusu raha ya milele. Nikafungua jicho moja. Nikajiuliza: raha ya milele ya nini? Ya maua? Nikatazama huku na huku, nikaona mama aliyeleta maharagwe anafuta machozi. Sikuelewa kitu. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, lakini mimi niliona haya kuuliza katikati ya sala, nikaitikia Amina pamoja nao. Ndiyo, mwanangu. Niliitikia Amina.

Sala ilipokwisha, Papa Lukasi alinishika bega. "Sasa utuambie. Alikufa lini?"

"Nani?"

"Silvesta."

Nilihisi kama ardhi imesogea. Nikamtazama yeye, nikatazama tuta, nikatazama mawe yale meupe pande zote nne, na kwa mara ya kwanza nikaona walichokuwa wanakiona wao. Lakini badala ya kucheka, ao kulia, ao kueleza, nikakasirika. Mpaka leo najiuliza hasira ile ilitoka wapi.

"Enendeni kwenu!" nikapiga kelele. "Ni udongo tu! Ni bustani!"

"Kama iko bustani," akasema Papa Lukasi polepole, "mbona ulitamka Amina?"

Mzee mwingine akasema, "Tulisikia mulivyogombana, Bernari. Siku ile Silvesta aliondoka, hakuna mutu alimuona tena. Basi fungua kidogo, tuone, tulale na amani."

"Sitafukua kazi ya mikono yangu kwa sababu ya midomo ya bantu!"

Wakaondoka mmoja mmoja. Kikapu cha maharagwe kilibaki mlangoni, na hakuna aliyejua kama kukirudisha ni matusi ao kukila ni matusi zaidi. Kilikaa pale.

Jioni ile, tukiwa kwenye moto, Veronika aliacha kukoroga chungu akanitazama. Tulikuwa katika mwaka wa pili wa ndoa yetu, naye alikuwa mwanamke wa kucheka. Hakuwa anacheka.

"Bernari. Niambie mimi peke yangu. Pale iko nini?"

Nilitaka kusema, hata wewe? Lakini niliona macho yake. Aliniogopa. Mtu aliyenipikia kila siku aliniogopa mimi, ambaye sikuwahi kuchinja hata kuku bila kugeuza uso. Nikamwambia ni udongo. Akasema, "Sawa," lakini lile sawa lake halikuwa na uzito. Na ajabu ni hii: siku zilizofuata mimi mwenyewe nikaanza kulikwepa tuta lile. Nilipita mbali nalo. Najua vizuri nilivyolijenga, kikapu kwa kikapu, lakini nilipolitazama moyo uliniambia, una hakika? Mtu akisemwa sana na wengi, mwanangu, hufika mahali akajitilia shaka yeye mwenyewe. Sielewi inavyokuwa, ila naijua.

Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Kilio chenyewe kilitoka Burungu. Siku ya nne Mama Anastazia alishuka kilima, peke yake, fimbo mkononi, nguo imelowa umande mpaka magotini. Habari ilikuwa imemfikia. Majirani walimwona wakaanza kumfuata nyuma kwa mbali. Hakunisalimu. Hakumsalimu Veronika. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye tuta, akapiga magoti, akang'oa maua yangu na kuyaweka kando, akaanza kufukua kwa mikono.

"Mama, acha," nikasema. "Ni udongo tu."

Hakuacha. Nikaleta jembe nikitaka kumsaidia, akalisukuma. Alichota udongo kwa viganja vyake, akiutupa pembeni, akipumua kwa shida, nami nimesimama hapo kama nguzo. Watu wote walisimama kama nguzo. Nilitamani nilale mimi chini ya udongo ule, mahali pa yule aliyemtafuta.

Hatimaye akafika chini. Na chini, mwanangu, kulikuwa na majani. Majani ya zamani ya kilima, yamelala, yamegeuka manjano kwa kukosa jua, lakini mizizi yake imeshika ardhi vilevile. Papa Lukasi aliinama akayavuta kidogo. Hayakung'oka.

"Majani iko nzima," akasema kwa sauti ili wote wasikie. "Hapa hapakuchimbwa hata siku moja. Mungu atusamehe."

Watu wakashusha pumzi. Mwingine akacheka kwa aibu. Nami nikafikiri, sasa Mama atafurahi, atasimama atanikumbatia. Lakini Mama aliketi juu ya udongo ule akalia, akalia kuliko alivyolia siku ya kumzika baba. Nilichanganyikiwa kabisa.

"Mama, unalia nini? Umeona mwenyewe, hayuko hapa!"

"Kama angekuwa hapa," akasema, "ningejua anapolala. Sasa mutoto yangu iko wapi?"

Ndipo nikaketi chini karibu naye. Nikamwambia yote, mbele ya watu wote: mfereji na tuta, akili ya kuazima, na lile neno langu la mwisho, enda utafute kwako. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akajifuta mikono kwenye nguo, akasema maneno ambayo sijapata kuambiwa mazito zaidi yake:

"Udongo hauna kinywa, Bernari. Wewe njo uko na kinywa. Uliachia udongo useme kwa nafasi yako, na udongo ukasema vile wenyewe unajua. Usiwakasirikie bantu. Enda umutafute mudogo yako. Usiniletee habari. Niletee yeye, ao mutu aliyemuona na macho yake."

Kesho yake nikaondoka. Nilitembea siku nyingi, kilima kushuka na kilima kupanda, mpaka hewa ikageuka nzito na msitu ukaanza kunikaribia. Kashebere, kijiji cha soko njiani, nilikuta watu wengi, wanaoshuka na maharagwe na wanaopanda na mafuta ya mawese. Nikauliza, nikauliza. Wengine walicheka lugha yangu ya mlimani. Mwishowe mama mmoja muuza mawese akasema, "Mutu wa Masisi, murefu, asiyependa kusema? Iko mbele huko, kwenye kambi ya barabara. Kila siku anachimba."

Nikaendelea mbele. Na kweli, kwenye ukingo wa barabara, ndani ya shimo refu la maji, nikaona mgongo ninaoujua. Silvesta alikuwa akichimba mfereji.

Aliinua uso akaniona.

"Mama amekufa?"

"Hapana," nikasema. "Wewe njo umekufa. Tulikuombea juzijuzi. Mimi mwenyewe nilisema Amina."

Alinitazama sana, akadhani jua limenipiga. Ilinichukua muda kumweleza, na nilipofika kwenye sala za Papa Lukasi alikaa chini ndani ya mfereji wake akacheka mpaka akashika tumbo, halafu kicheko kikakatika akafunika uso kwa mikono yenye udongo.

"Mbona hukutuma hata neno moja?" nikamwuliza.

"Ulisema nitafute kwangu, kaka. Nilikuwa nangoja niwe na kwangu, njo nitume."

Nikamwomba msamaha pale pale, na wenzake wakisikia. Sikuchagua maneno mazuri. Alinipa mkono nimvute atoke shimoni.

Tulipofika Kibabi, Mama, aliyekuwa amebaki kwetu akitungoja, alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe. Alimtazama Silvesta kutoka miguuni mpaka kichwani, akasimama, akaingia jikoni, akapika sombe, yaani majani ya mihogo. Alitia chumvi kupita kiasi na sisi tukala yote. Sikuelewa kwa nini hakumkumbatia. Miaka baadaye nilimwuliza. Alinijibu, "Nilikuwa na kazi." Mpaka alipokufa hakunipa jibu lingine, nami sina jibu lingine la kukupa wewe.

Sasa lile tuta. Tulilijenga upya, lakini safari hii kabla ya jembe la kwanza tuliwaita majirani, Papa Lukasi na wale wengine, tukawaonyesha kwa fimbo mahali litakapopita. Papa Lukasi akatazama, akasema, "Mukimalizia hapo, maji yote inashuka ku maharagwe yangu." Kweli. Hatukuwa tumeliona hilo, si mimi wala Silvesta. Tukausogeza mwisho wake mpaka kwenye migomba yetu.

Silvesta alichimba mfereji wake upande wa juu, na udongo alioutoa mimi niliushusha upande wa chini kufanya tuta. Wala hatukuhitaji watu makumi mbili; kumbe mfereji wake ndio uliokuwa na udongo wa tuta langu, nasi tuligombana kama watu wawili wanaogombea mwiko na chungu. Tulilifanya refu, pana chini, la chini-chini, limepinda kama upinde kufuata kilima. Tulikanyaga kila tabaka kwa miguu kabla ya kuongeza lingine. Hatukuliegemeza kwenye ukuta wa nyumba. Mgongoni tukapanda matete, yana mizizi ya kushika. Ubavuni viazi vitamu na maboga, vitambae vifunike udongo mvua isiuchape. Na upande wa jikoni Veronika akapanda alichotaka yeye, hatukumwuliza. Mvua kubwa ya kwanza iliponyesha tulisimama sote mlangoni. Maji yalishuka kwa kelele, yakagonga, yakasita kidogo kama mgeni asiyejua mlango uko wapi, kisha yakageuka yakaenda kwenye migomba. Mafiga ya Veronika yalibaki makavu.

Silvesta hakubaki. Alirudi upande wa Walikale, akaoa kule, akajenga kwake. Lakini aliondoka akiwa amebeba chakula cha njiani, na watu wakimpungia mkono.

Wahenga wanasema, ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Wakipatana, shika kapu ukavune. Mimi nalikubali neno hilo, lakini nakuongezea la kwangu, mwanangu, na ulishike. Kabla hujainua udongo, ao hujaubomoa, waambie walio juu yako na walio chini yako, maana maji yako ni maji yao. Usione haya kuuliza usipoelewa. Mimi niliona haya nikamzika ndugu yangu akiwa hai. Watu wakikudhania vibaya, usiwakasirikie kwanza. Jiulize ni neno gani uliwanyima. Ukweli ukiwa nusu, wenzako wataijaza nusu iliyobaki kwa hofu zao. Na ukimtamkia ndugu yako neno baya asubuhi, mfuate kabla hajafika kwenye kona ya njia. Mbio hizo ni fupi. Zangu zilinifikisha mpaka karibu na Walikale.

Mengi ya siku zile bado siyaelewi, nami nimezeeka nayo hivyohivyo. Lakini hili naliomba kwa ajili yako nikiwa nalielewa: Mungu wa vilima hivi akupe nyumba isiyoingia maji, majirani wenye ujasiri wa kukuuliza, mke ao mume asiyekuogopa, na ndugu wa kubishana naye, na akupe miaka ya kutosha ya kupatana naye. Amina, na safari hii najua ninachokiitikia.